Kazi ya Kuzuia: Mchezaji wa Mstari wa Vyuo vya Marekani na Beki wa Kati wa Tanga

Kila mchezo wa timu una watu ambao kazi yao ni kuhakikisha kwamba jambo fulani halitokei, na kwa kuwa jambo lisilotokea haliandikwi popote, watu hao humaliza miaka yao uwanjani wakiwa wameacha kumbukumbu chache kuliko wenzao waliofunga mabao. Katika futiboli ya Kimarekani, mchezo wa kofia ngumu na mpira uliochongoka pande mbili, watu hao ni wale watano wanaojipanga mbele ya mrushaji wa mpira. Katika soka la Tanga ni mabeki wa kati, namba 4 na namba 5, ambao jiji hili limeendelea kuwatoa hata katika miaka ambayo klabu zake zilikuwa taabani. Makala haya yanaziweka kazi hizo mbili pamoja kwa sababu safari ya mchezaji wa mstari katika chuo kikuu cha Marekani inaonyesha jinsi taasisi inavyoweza kumtunza, kumfundisha na kumhesabu mtu wa kuzuia, na inaonyesha pia gharama ambayo mtu huyo huilipa kwa mwili wake, na yote mawili ni mambo ambayo wapenzi wa Coastal Union na African Sports wana haki ya kuyajua.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kuutazama mchezo huo, kanuni chache zinatosha. Kila upande huwa na wachezaji 11 uwanjani, na timu yenye mpira hupewa nafasi 4 za kuusogeza mbele kwa angalau yadi 10, yaani mita 9 na kidogo. Ikifaulu hupewa nafasi 4 nyingine, na ikishindwa mpira huenda kwa wapinzani. Anayeongoza mashambulizi huitwa kwotabeki, naye ndiye anayeupokea mpira mwanzoni mwa kila nafasi, kisha akaurusha kwa mwenzake aliyekimbia mbele au akamkabidhi mwingine akimbie nao. Mbele yake husimama watano wa mstari: mmoja katikati, ambaye huuanzisha mpira kwa kuupitisha nyuma katikati ya miguu yake, wawili ubavuni mwake na wawili wa nje. Kazi ya watano hao ni kuwazuia wapinzani wasimfikie kwotabeki, au kuwasukuma kando ili njia ya mkimbiaji ifunguke, na kwa kawaida hawaruhusiwi kudaka mpira uliorushwa mbele, ndiyo maana jezi zao hubeba namba kati ya 50 na 79 ili waamuzi wawatambue mara moja. Ukimwondoa yule wa katikati, mtu anaweza kuwa uwanjani kila timu yake inaposhambulia, msimu baada ya msimu, bila kuugusa mpira isipokuwa kwa bahati.

Kazi yenyewe ikitazamwa kwa karibu ni ya sekunde 3 au 4. Mchezaji huinama akiwa amekunja magoti na kunyoosha mgongo, wakati mwingine vidole vya mkono mmoja vikigusa nyasi, na mpira unapoanzishwa hupiga hatua fupi za kurudi nyuma huku nyayo zikibaki karibu na ardhi, kwa kuwa mtu wa kilo 140 akinyanyua mguu juu mno atasukumwa akiwa amesimama kwa mguu mmoja. Mikono hutangulia, viganja vikilenga kifua cha mpinzani, kwa maana sheria humruhusu kusukuma lakini humkataza kukamata jezi na kumvuta mtu anayempita, na kosa hilo huirudisha timu yake nyuma yadi 10. Anayekabiliana naye huwa mwepesi zaidi, anajua anakotaka kupita na anaweza kubadili njia katikati ya mwendo, ilhali mchezaji wa mstari hana budi kusubiri, kusoma bega na nyonga za mpinzani, na kujibu. Ugumu huongezeka kwa yule wa nje upande wa kushoto, kwani kwotabeki anayerusha kwa mkono wa kulia hugeuza mwili wake kulia na kuuacha upande wa kushoto mgongoni, mahali asipopaona. Usalama wake wote huwa mikononi mwa mtu huyo mmoja. Yule wa katikati naye, kabla ya kuuanzisha mpira, huusoma mpangilio wa wapinzani na kuwatangazia wenzake nani amchukue nani, hivyo kwamba sehemu kubwa ya kazi inayodhaniwa kuwa ya misuli hufanywa kwanza kwa macho na kwa mdomo.

Tatizo la watu hawa ni hesabu. Futiboli ya Kimarekani ni mchezo unaohesabu karibu kila kitu, yadi alizokimbia huyu, mipira aliyodaka yule, mara ambazo kwotabeki aliangushwa na beki fulani, lakini mchezaji wa mstari, katika jedwali rasmi la mchezo, hubaki na idadi ya mechi alizocheza na idadi ya mechi alizoanza. Mfano unaowahusu wasomaji wa Afrika Mashariki ni ule wa Mathias Kiwanuka, mjukuu wa Benedicto Kiwanuka aliyekuwa waziri mkuu wa kwanza wa Uganda na baadaye Jaji Mkuu aliyeuawa mwaka 1972. Kijana huyo, aliyezaliwa Indianapolis mwaka 1983, alikuwa mshambulizi wa kwotabeki katika Boston College, na alipoondoka chuoni alikuwa ameangusha makwotabeki mara 37 na nusu (ile nusu ni ya tukio alilogawana na mwenzake), idadi iliyokuwa rekodi ya chuo hicho, kisha mwaka 2006 akachaguliwa wa 32 katika uteuzi wa wachezaji wapya wa ligi ya kulipwa ya NFL na kutwaa ubingwa wa ligi hiyo akiwa na New York Giants. Mara hizo 37 na nusu zinajulikana na zitaendelea kujulikana. Lakini katika misimu hiyohiyo Kiwanuka alizuiwa mamia ya mara na vijana wa vyuo vingine ambao walifanya kazi yao kwa ukamilifu, na hakuna jedwali rasmi linalosema ni nani aliyemzuia, lini, na mara ngapi.

Mtanzania aliyeifikia ngazi hiyo ya michezo ya vyuo kwa kazi ya kuzuia ni Hasheem Thabeet, mzaliwa wa Dar es Salaam, ambaye aliichezea timu ya mpira wa kikapu ya Chuo Kikuu cha Connecticut kuanzia 2006 hadi 2009, akatajwa kuwa mlinzi bora wa kundi la vyuo la Big East, na katika uteuzi wa ligi ya NBA wa mwaka 2009 akachaguliwa wa pili na Memphis Grizzlies. Thabeet hakuwa mfungaji mkubwa. Thamani yake ilikuwa urefu wa mita 2 na sentimita 21 na mkono uliokataa mipira ya wapinzani isiingie. Tofauti yake na mchezaji wa mstari ni kwamba kikapu huhesabu kila mtupo uliozuiwa, hivyo kazi yake ya ulinzi iliandikwa kwa jina lake, ikasomwa na watu ambao hawakuwahi kumwona akicheza, na ikamlipa. Kinachohesabiwa hulipwa, na hilo ndilo jambo ambalo klabu za Tanga zinapaswa kulitafakari kuliko jingine lolote katika makala haya.

Wamarekani wenyewe walilitambua pengo hilo mapema. Tangu mwaka 1946 hutolewa tuzo iitwayo Outland kwa mchezaji bora wa mstari wa ndani katika vyuo, na tangu 2015 ipo tuzo nyingine, Joe Moore, ambayo haitolewi kwa mtu mmoja bali kwa mstari mzima wa chuo kimoja, jambo la busara kwa sababu wanne wakifanya kazi vizuri na mmoja akakosea, kwotabeki huanguka vilevile. Makocha pia hawaliamini jedwali. Huketi siku inayofuata mechi na kutazama video ya kila nafasi, wakampa kila mchezaji wa mstari alama kwa jinsi alivyoweka miguu, alivyoitumia mikono na alivyomtambua mtu wa kumzuia, hata pale ambapo mpira ulikwenda upande mwingine. Alama hizo ndizo zinazoamua nani aanze Jumamosi inayofuata, na kwa kweli ndizo zinazomjenga kijana, maana hupata kujua kosa lake lilikuwa kwenye mguu upi.

Safari ya kijana huyo huanza sekondari, ambako huonwa na makocha wa vyuo akiwa na umri wa miaka 16 au 17, zaidi kwa urefu wa mikono, upana wa nyonga na wepesi wa miguu kuliko kwa uzito alionao, kwa kuwa uzito huongezwa baadaye. Akikubaliwa hupewa ufadhili wa masomo unaolipia karo, malazi na chakula, na kwa miaka mingi vyuo vya daraja la juu viliruhusiwa kutoa nafasi 85 za namna hiyo kwa timu ya futiboli. Kanuni zimempa misimu 4 ya kucheza ndani ya miaka 5, na mchezaji wa mstari ndiye anayeutumia zaidi ule mwaka wa ziada: mwaka wa kwanza hukaa nje, akafanya mazoezi na timu bila msimu wake kuhesabiwa, akala, akanyanyua vyuma, akajifunza kitabu kinene cha mipango ya mashambulizi. Mwaka wa pili huingia dakika za mwisho, mechi ikiwa imekwishaamuliwa. Wengi huanza kuaminiwa mwaka wa 3, wanafikia ubora wao mwaka wa 4 au wa 5, na kisha hufika mlangoni pa NFL ambako, kwa makadirio ya chama cha michezo ya vyuo, NCAA, hawapiti hata wachezaji 2 katika kila 100 wanaostahili kuchaguliwa. Waliobaki huondoka na shahada, kama waliisoma kwa dhati, na mwili wa mtu mkubwa usiokuwa na kazi tena.

Subira hiyo ya miaka 5 ndiyo siri ya mfumo ule. Kijana wa miaka 18 hatupwi kukabiliana na mtu mzima wa miaka 23, kwa kuwa kazi ya kuzuia hukomaa polepole kuliko kazi ya kushambulia: mkimbiaji anaweza kung'aa kwa kipaji alichozaliwa nacho, lakini anayezuia hana budi kuwa ameona mbinu nyingi za kumpita kabla hajaweza kuzikataa. Katika timu, watu hawa hukaa pahala pa farumi ndani ya jahazi, chini, wasionekane, huku tanga likisifiwa kwa mwendo. Miaka ya karibuni mfumo wenyewe umeanza kubadilika. Tangu Julai 2021 wanachuo wameruhusiwa kulipwa kwa matumizi ya majina na sura zao katika matangazo, kanuni za uhamisho zimelegezwa hadi mchezaji anaweza kubadili chuo bila kupoteza msimu, na tangu Julai 2025 vyuo vimeruhusiwa kuwalipa wachezaji moja kwa moja, kwa kikomo cha takriban dola milioni 20.5 kwa chuo katika mwaka wa kwanza. Fedha hizo zimewafikia hata watu wa mstari, kwa sababu kocha aliyemlipa kwotabeki kwa mamilioni hawezi kumwacha bila ulinzi; lakini zimeifupisha pia ile subira, kwa kuwa kijana anayekaa benchi mwaka wa pili sasa ana mahali pa kwenda.

Gharama ya mwili nayo haifai kufichwa. Mchezaji wa mstari hugongana na mtu karibu katika kila nafasi ya mchezo, mara nyingi kichwa kwa kichwa, kwa nguvu isiyomwangusha wala kumfanya atolewe, na ni mrundikano wa migongano hiyo midogo unaowatia wasiwasi watafiti wa ugonjwa wa ubongo uitwao CTE, uharibifu unaojijenga taratibu kutokana na kichwa kutikiswa mara kwa mara. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Boston uliochapishwa mwaka 2017 ulichunguza bongo za marehemu zilizotolewa na familia, na ukaukuta ugonjwa huo kwa 110 kati ya waliokuwa wachezaji 111 wa NFL, na kwa 48 kati ya 53 walioishia ngazi ya chuo. Hesabu hiyo haisemi kwamba wachezaji wote wanaugua, kwa kuwa familia zilizotoa bongo hizo nyingi zilikuwa tayari na shaka, lakini inatosha kumfanya mzazi yeyote afikiri mara mbili. Zaidi ya hapo kuna uzito wenyewe, uliojengwa kwa chakula kingi kwa makusudi ya mchezo, ambao mtu hubaki nao mechi zinapokwisha, pamoja na magoti na mgongo uliochakaa kabla ya umri wa miaka 30. Mtu akiusifu mfumo wa vyuo vya Marekani bila kulitaja hili, amesifu nusu tu.

Tanga haina futiboli ya Kimarekani, na hakuna sababu ya kuitamani. Ina soka, na soka lake ni la zamani: African Sports, Wana Kimanumanu, ilianzishwa mwaka 1936, na Coastal Union, Wagosi wa Kaya, mwaka 1948, katika mji wa bandari, reli na mkonge uliokuwa umekusanya vijana kutoka pande nyingi, na klabu zote mbili zimeota mizizi katika mitaa ya Ngamiani ambayo barabara zake hutajwa kwa namba. Mwaka 1988 Coastal ilitwaa ubingwa wa Tanzania Bara, ubingwa ambao hadi leo ndio kilele cha soka la mkoa huu. Jina ambalo vijana wa leo hulijua kutoka kikosi kile ni la Juma Mgunda, aliyekuwa mshambuliaji na baadaye akawa kocha wa Coastal na wa Simba. Mabeki waliosimama nyuma yake msimu mzima hukumbukwa na waliokuwepo katika uwanja wa Mkwakwani, na kumbukumbu hiyo inapungua kila mzee mmoja anapozikwa.

Baada ya kilele kile lilikuja bonde. Mwisho wa msimu wa 2015/16 timu zote tatu za Tanga zilizokuwa Ligi Kuu, yaani Coastal Union, African Sports na Mgambo JKT ya Handeni, zilishuka daraja kwa pamoja, na mkoa wenye historia ya namna ile ukabaki bila timu hata moja katika ligi ya juu. Coastal ilirudi msimu wa 2018/19, na ilirudi na ukuta. Katikati ya ukuta huo walisimama Bakari Mwamnyeto, mzaliwa wa Tanga aliyekuwa pia nahodha, na Ibrahim Ame, na kwa namna walivyocheza pamoja, mmoja akitangulia kwenda na mpira wa juu na mwingine akibaki nyuma kufagia kilichopita, timu isiyokuwa na washambuliaji wa bei kubwa iliweza kusimama mbele ya timu zenye fedha.

Kazi ya beki wa kati nayo inafaa kutazamwa kwa karibu. Mkwakwani si mbali na bahari, na mpira wa juu unaopigwa jioni wakati upepo unavuma hauangukii pale ulipoelekezwa. Beki mgeni huufuata mpira kwa macho na kujikuta amepita chini yake, wakati aliyekulia hapa husubiri nusu sekunde zaidi kabla ya kuruka. Kona inapopigwa, beki huweka mkono mmoja mgongoni mwa straika ili ajue aliko bila kumtazama, akaugeuza mwili wake ili aone mpira na mtu kwa pamoja, na hasukumi, kwa kuwa refa anaangalia, bali huwahi kukaa pahali ambapo straika alitaka kuwa. Wakati huohuo huzungumza: humwambia beki wa pembeni abane ndani, humwita kiungo mkabaji ashuke, humtahadharisha kipa kuhusu mtu aliyejificha nguzo ya mbali. Haya yote yakifanywa sawasawa, mpira huondolewa, wapiga picha hushusha kamera, na mtangazaji wa redio husema kwamba hatari imepita. Beki kitasa hujulikana kwa hatari zilizopita, na hakuna anayeziandika.

Agosti 2020, ndani ya dirisha moja la usajili, wawili hao waliondoka: Mwamnyeto alisajiliwa na Yanga, Ame akasajiliwa na Simba. Msimu uliofuata Coastal ilimaliza mahali pabaya kiasi cha kulazimika kucheza michezo ya mtoano dhidi ya Pamba ya Mwanza ili ibaki Ligi Kuu, na ikabaki. Timu huanguka kwa sababu nyingi, na si haki kuutupia mzigo wote usajili wa watu wawili. Lakini haihitaji utafiti mkubwa kuona kwamba klabu iliyopoteza mabeki wake wote wawili wa kati kwa mpigo, bila kuwa na wengine waliokaa miaka miwili wakijifunza nyuma yao, ilikuwa imeuza ukuta wake. Ni hapo ambapo ile subira ya vyuo vya Marekani inaonekana kuwa na maana kwa Tanga: kule, anapoondoka wa mwaka wa 5, wa mwaka wa 3 amekwishakaa misimu miwili akiisoma nafasi yake.

Hatima za wawili hao zilitofautiana, na tofauti hiyo inafundisha. Ame alikwenda Simba wakati ambapo Pascal Wawa wa Ivory Coast na Joash Onyango wa Kenya walikuwa wameishika nafasi ya kati, akapata nafasi chache, na beki asiyecheza huporomoka haraka kwa kuwa hana hata video ya kuonyesha. Mwamnyeto alipata kucheza, akawa nahodha wa Yanga, na timu hiyo ikatwaa ubingwa wa Ligi Kuu mfululizo kuanzia msimu wa 2021/22, ambao iliumaliza bila kupoteza mchezo. Mwaka 2023 Yanga ilifika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika dhidi ya USM Alger, ikafungwa 2-1 Dar es Salaam, ikashinda 1-0 Algiers, na ikalikosa kombe kwa kanuni ya bao la ugenini. Mwaka uliofuata, katika robo fainali ya Ligi ya Mabingwa, ilicheza dakika 180 na Mamelodi Sundowns ya Afrika Kusini bila kuruhusu bao hata moja, ikatolewa kwa mikwaju ya penalti. Kwa klabu ambayo nahodha wake alikuwa beki aliyeinukia Mkwakwani, matokeo hayo mawili ni cheti kikubwa kuliko mabao mengi, ingawa kwenye orodha za wafungaji hayaonekani.

Kabla ya Mwamnyeto alikuwepo Abdi Banda, naye zao la Coastal, ambaye alipitia Simba na mwaka 2017 akaenda Baroka ya Afrika Kusini, akionyesha kwamba beki wa Tanga anaweza kuvuka mpaka. Baada yake alikuja Lameck Lawi, ambaye usajili wake mwaka 2024 ulizusha mvutano kati ya Coastal na Simba hadi ukafikishwa mbele ya vyombo vya shirikisho la soka la nchi, TFF. Msimu wa 2023/24 Coastal ilimaliza ya 4 chini ya kocha David Ouma wa Kenya, na kipa wake kutoka Kongo, Ley Matampi, akatwaa tuzo ya kipa bora baada ya kumaliza mechi 15 bila kuruhusu bao. Tuzo hiyo ilikuwa halali yake, lakini kipa hamalizi mechi 15 bila kufungwa akiwa peke yake, na tuzo ya ukuta mzima, kama ile ya Joe Moore, haipo katika ligi ya Tanzania.

Mfano wa upande wa pili, ule wa washambuliaji, ni fainali ya Kombe la Shirikisho la Azam iliyopigwa Arusha Julai 2022. Coastal ilitoka sare ya 3-3 na Yanga, ikafungwa 4-1 kwa penalti, na mabao yote matatu ya Coastal yalifungwa na Abdul Suleiman Sopu, ambaye muda mfupi baadaye alisajiliwa na Azam FC. Sopu alistahili kila senti, maana mabao 3 katika fainali ni kazi ya mtu. Lakini jioni moja ilitosha kumpa mshambuliaji kile ambacho beki hukitafuta kwa misimu mitatu, na jambo hilo halitabadilika kwa kulalamika. Litabadilika kwa kuandika.

Kuandika huko kuna thamani ya fedha pia. Kanuni za FIFA zinaitambua klabu iliyomlea mchezaji kwa njia mbili: kuna fidia ya mafunzo, inayohusu miaka kati ya umri wa 12 na 21 na hudaiwa mchezaji anaposaini mkataba wake wa kwanza wa kulipwa katika nchi nyingine, au anapohamia nchi nyingine kabla ya kuvuka umri wa miaka 23, na kuna mchango wa mshikamano, ambapo asilimia 5 ya ada ya uhamisho wa kimataifa hugawanywa kwa klabu zote zilizomfundisha mchezaji kuanzia miaka 12 hadi 23. Tangu Novemba 2022 malipo hayo hupitia chombo maalumu cha FIFA kinachotegemea pasipoti ya mchezaji, yaani kumbukumbu ya usajili wake wote tangu utoto. Kijana aliyecheza UMITASHUMTA ya shule za msingi, kisha UMISSETA ya sekondari, kisha timu ya mtaa ya Chumbageni au Pongwe bila kusajiliwa na klabu yoyote, huwa na miaka mitupu katika pasipoti hiyo, na fedha za miaka hiyo haziji Tanga hata akiuzwa Ulaya.

Kwa hiyo uongozi wa Coastal Union na wa African Sports, pamoja na chama cha soka cha mkoa, una kazi tatu zisizohitaji mfadhili wala uwanja mpya. Wasajili vijana wao rasmi tangu wakiwa na miaka 12. Wamteue kocha mmoja kila mechi aandike kwa jina la kila beki mipira ya juu aliyoshinda, mipira aliyozuia na makosa yaliyozaa bao, na daftari hilo litunzwe ofisini, lisibebwe nyumbani na katibu anayemaliza muda wake. Na kila beki wa kati wa kikosi cha kwanza awe na kijana wa miaka 18 anayefanya naye mazoezi kila siku, ambaye hataingizwa kwenye mechi ngumu kabla hajawa tayari, ili dirisha lijalo la usajili likimchukua mkubwa, mdogo awe amekwisha kuijua kazi.